Nusu Mbili za Gurudumu la Pampu

Sikilizeni wanangu, sikilizeni leo maana kesho siioni. Mkubwa, mbona umeganda mlangoni kama umekuja kudai? Kitindamimba, usiufiche huo mkono uliofungwa kitambaa. Damu yako niliiona juu ya meza yangu ya kazi, imelowesha maranda, na aliyeimwaga ni ndugu yako wa tumbo moja, mkigombania karakana ya baba ambaye hata maiti hajawa. Hamna haya!

Babu yenu na mdogo wake waliigombania karakana hiyohiyo. Watu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, basi wasubu wote, wale wamiminaji wa chuma, wakainamia kazi zao, nami nimesimama na kielelezo cha mbao mikononi, nikamwona mdogo akimsukuma kaka yake aliyebeba ndoo ya chuma kilichoyeyuka. Kikamwagika kwenye sakafu yenye maji, kikalipuka. Babu yenu aliungua mpaka mfupa wa paja ukaonekana, akapiga yowe hadi sauti ikakatika, akafa. Mdogo wake akatoka bila macho, akaishi akipapasa kuta na kumwita marehemu. Niliwachukia wote wawili, na mpaka leo nawachukia, Mungu anisamehe.

Sasa urithi. Kile kielelezo cha gurudumu la pampu, kinachotulisha, nilikichonga vipande viwili ili kikishagandamizwa mchangani kitoke bila kubomoa kalibu, lile shimo la kumiminia chuma: nusu moja ina vijiti, nyingine ina matundu ya kuvipokea. Yenye vijiti ni ya Mkubwa, yenye matundu ni ya Kitindamimba. Mkizitenganisha mna kuni tu. Na rula yangu, ile iliyozidi kidogo rula za dukani kwa sababu chuma kikipoa hunywea, namwachia dada yenu, aliyejitupa katikati yenu akapigwa nyundo ya bega. Bila rula hiyo mtachonga magurudumu yasiyoingia popote, na wateja watawatupia vyuma mlangoni. Yeye atapima, nyinyi mtachonga. Asiyetaka aondoke, na radhi yangu asiitafute.

Binti yangu, ninyanyue kichwa... maji kidogo. Basi, yatosha.

Jeneza langu mlibebe nyinyi wawili mbele, bega kwa bega, watu wawaone. Mungu awape riziki isiyo na damu, na watoto wasiowaogopa. Nimewabariki, hata nikiwa na hasira nimewabariki...

Mkubwa. Njoo. Hiyo patasi uliyoificha ndani ya shati nimeiona tangu ulipoingia. Mpini wake niliuchonga mimi, siwezi kuusahau. Usimtazame mdogo wako, nitazame mimi. Iweke hapa kifuani... mkono wangu hauinuki, uinue wewe, uweke juu yake... hapo. Sasa mshike ndugu yako mkono. Ule... ule uliofungwa. Polepole, mwanangu. Unamuumiza.