Chura, Mlinzi wa Maji Yaliyotulia

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na apunguze moto, aliye na kelele za jirani na afunge dirisha. Wiki hii tumemzika mwanamke ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani tu. Chura. Mwokoaji wa bwawa la kuogelea la manispaa. Yule mama wa kofia nyekundu, filimbi shingoni, aliyekaa juu ya kiti kirefu miaka nenda miaka rudi, akiyatazama maji.

Tumezoea kusema mfa maji haachi kutapatapa. Chura alikuwa akiisikia methali hiyo anatikisa kichwa. Alisema anayetapatapa bado ana nguvu, huyo ana nafasi yake. Anayekufa hasa hutulia. Hapigi kelele. Hapungi mkono. Kichwa kinalala nyuma, mdomo unapanda na kushuka usawa wa maji, mikono inayakandamiza maji kama ya mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Kisha maji yanajifunga juu yake taratibu, na hatua chache kutoka hapo watoto wanaendelea kurushiana mpira.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kukitazama kimya hicho na kukiwahi.

Chura hakuyaogopa maji hata siku moja, wasikilizaji wapendwa. Aliwaogopa watu. Na woga huo, ambao hakuna aliyeujua, ulikaribia kuua mtoto.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuja hapa studio kabla ya mazishi. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akasema: "Mdogo wangu aliniachia neno. Alisema, nikifa msinisifu nusu nusu. Semeni na ile ya mtoto." Basi na ile ya mtoto tutaisema.

Alizaliwa kitindamimba katika nyumba ya mabinti watupu. Baba yao alikuwa karani, mtu wa suti moja iliyonyooshwa kila asubuhi. Hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa na swali moja tu: "Watu watasemaje?" Binti akicheka kwa sauti, watu watasemaje. Glasi ikivunjika, hata kama nyumbani hakuna mgeni, watu watasemaje. Dada mtu anasema wale wakubwa walilizoea swali hilo kama unavyozoea mlio wa friji. Huyu wa mwisho lilimwingia. Darasani alijua jibu lakini hakunyoosha mkono. Akisifiwa, alikuwa anageuka nyuma kuona ni nani anayesifiwa.

Bwawani aliajiriwa kama msafishaji wa vyumba vya kubadilishia nguo. Wateja wakishaondoka, alikuwa anaingia majini peke yake, pasipo jicho la mtu. Huko alikuwa kiumbe kingine kabisa. Kocha wa waogeleaji alimfuma siku moja, akasimama akimtazama, na wiki iliyofuata akampeleka kwenye mafunzo ya uokoaji. Alifaulu. Akapewa kofia, filimbi na kile kiti kirefu. Na tangu siku hiyo akawa anangoja, moyoni mwake, siku ambayo watu wangegundua kwamba walikosea kumpa.

Akadhani siku yenyewe imefika mapema. Kijana mmoja wa miraba minne alizama upande wa kina kirefu, akaibuka, akazama tena. Chura akaruka na nguo zake. Kumbe kijana alikuwa anafanya mzaha na wenzake. Alipomshika kwapani, kijana akamtolea ulimi, na bwawa zima likaangua kicheko. Mmoja kwenye mabenchi akasema amerukaje vile, miguu upande, kama chura. Jina likaganda siku hiyohiyo.

Meneja wa bwawa akamwita ofisini. Hakugomba. Alimweleza kwa upole kwamba wateja huja kustarehe, na mteja aliyetishwa hahitaji kufukuzwa, hujiondokea mwenyewe. "Kabla hujaruka," akamwambia, "hakikisha."

Basi Chura akawa anahakikisha. Lakini sikilizeni vizuri alivyohakikisha, kwa maana hapa ndipo penye balaa. Akiona jambo majini, alikuwa anainua macho kwanza kwenye mabenchi. Anazitazama nyuso za watu. Kama watu wameshtuka, basi lipo jambo. Kama wanacheka, basi halipo. Mlinzi wa maji akawa hayatazami maji. Na hakuna aliyejua. Kofia ilikuwa kichwani, filimbi shingoni, tabasamu mahali pake.

Ikaja likizo ya shule. Bwawa limejaa, maji yamechafuka kwa miguu ya watoto, harufu ya dawa inachoma pua. Katikati ya kundi la wasichana alikuwepo mmoja mdogo, mwenye vazi la kuogelea la njano. Chura aliona kichwa chake kikilala nyuma. Aliona mdomo ukipanda na kushuka. Hakuwa na shaka na alichokiona, wasikilizaji. Alijishuku yeye mwenyewe.

Akainua macho. Mama wa yule mtoto, msusi wa nywele, alikuwa kwenye benchi anacheka na simu. Meneja alikuwa mlangoni anasalimiana na wageni. Uso baada ya uso, hakuna aliyeshtuka. Basi si kitu, akajiambia. Akarudisha macho majini.

Rangi ya njano ilikuwa imeshuka chini.

Hapo aliruka. Alimtoa mtoto akiwa na rangi ya majivu, akamlaza kwenye vigae, akampulizia pumzi, akamkandamiza kifua, mama mtu amepiga magoti pembeni. Mtoto akatapika maji. Akapumua. Mabenchi yote yakasimama yakapiga makofi.

Shujaa, wakamwita. Meneja akamkumbatia mbele ya watu. Mama wa mtoto akambusu mikono. Naye alisimama pale anachuruzika maji, anapokea sifa ambazo kila moja ilimchoma. Kwa maana mtoto aliishi, ni kweli, lakini alikaa hospitali muda mrefu, na alipotoka akawa mzito wa maneno. Anataka kusema kijiko, neno linampotea. Je, ni kule kuchelewa? Ni maji yenyewe? Hakuna daktari aliyeweza kusema.

Chura akaacha kula. Dada yake akamfuata nyumbani, akamkuta amekaa kitandani na cheti cha pongezi kimefunikwa uso chini. Akamuuliza kulikoni. Ndipo siri ikamtoka. "Dada, nilimwona. Nilimwona mapema. Nikatazama nyuso za watu kwanza."

Dada mtu hakumbembeleza. Alimuuliza swali moja tu: "Na kesho utatazama nini?"

Kesho yake Chura alifika kazini kabla ya wateja, akakivuta kile kiti kirefu mpaka upande wa mabenchi, akakigeuza. Kikawa kimeyapa mabenchi mgongo. Meneja alipofika akashangaa. Akasema wateja wataona kama wamedharauliwa. Akasema akikaa hivyo ataruka ovyo, atakuwa kichekesho cha mji. Chura, ambaye hakuwahi kubishana na mtu tangu azaliwe, alijibu huku amekishika kiti. "Nitakuwa kichekesho, bosi. Lakini kiti kitakaa hivi."

Na kichekesho akawa kweli. Aliwarukia wapiga mbizi, aliwarukia wapenzi waliokuwa wanabusiana chini ya maji, alimrukia babu mmoja aliyekuwa anaelea zake kwa raha, na babu akamtukana matusi ya zamani ambayo vijana hawayajui tena. "Chura karuka!" watu walipiga kelele. Jioni alikuwa anarudi nyumbani masikio bado yanavuma. Bintiye, ambaye sasa ni mwalimu, anasema: "Watu wanadhani mama alipona woga. Hakupona. Kila asubuhi alikwenda nao kazini, basi."

Halafu yakaja yale mashindano makubwa. Wazee mnayakumbuka. Kulikuwa na mgeni rasmi, viti vya kitambaa, maturubai, muziki. Na kulikuwa na bingwa, yule kijana tuliyemwita Papa, kwa jinsi alivyokata maji. Asubuhi ile meneja aliamuru kiti cha Chura kigeuzwe kuelekea wageni, kwa heshima. Na akamnong'oneza: leo pasiwe na vichekesho. Ukiruka bila sababu, kesho usije.

Kabla ya fainali, Papa aliamua kuwafurahisha watu. Angekwenda na kurudi chini ya maji bila kuvuta pumzi. Akazama. Umati ukaanza kuhesabu kwa sauti moja. Akaenda, akageuka, akawa anarudi. Hesabu ikazidi kupanda, na kelele nazo. Karibu na ukingo akatulia chini kabisa, amenyoosha mikono. Umati ukapagawa. Lo, pumzi gani hiyo! Mgeni rasmi alisimama anapiga makofi.

Wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni hapa. Walikuwa wanampigia makofi mtu anayekufa.

Chura alikuwa juu ya kiti, nyuso zote ziko mbele yake, na zote zinacheka. Aliwahi kumweleza dada yake kwamba hata wakati ule hakujua kwa yakini kama kuna hatari. Huyo chini alikuwa bingwa. Kocha wake alikuwa amesimama ukingoni naye anatabasamu. Nani ni Chura mbele ya kocha? Ile sauti ya zamani ilimjia kwa upole, kama ya baba yake. Ngoja kidogo. Utaaibika.

Akashuka kwenye kiti, akawapa mgongo wageni wote, akatazama maji. Yule kijana hakuwa anatikisika. Akaruka.

Hesabu ikakatika. Kikafuata kicheko, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuchekwa. Miluzi. "Chura! Chura!" Meneja akashika kichwa. Kicheko kiliendelea mpaka alipoibuka, na kichwa cha Papa kimelala begani kwake, midomo ya bluu, macho wazi yasiyoona. Benchi la mbele likanyamaza kwanza. Kisha la pili. Kile kimya kikapanda ngazi za mabenchi mpaka juu.

Alimrudisha. Ilimchukua muda, kocha analia kama mtoto, lakini alimrudisha. Na mji mzima ukapata mzaha mpya, kwamba chura amemwokoa papa.

Mtu mwingine angeishia hapo, atembee kifua mbele. Chura alipita katikati ya pongezi, na siku chache baadaye akabisha mlango wa yule msusi. Akamkuta anamsuka mteja. Akaomba wazungumze pembeni, msusi akasema semea hapahapa. Basi akasema, mbele ya mteja. Kwamba alimwona mtoto mapema. Kwamba alichelewa. Kwamba alichelewa kwa sababu aliogopa kuchekwa.

Msusi hakuinua kichwa. Alimaliza kusuka mstari uliokuwa mkononi mwake, akaufunga ncha. Kisha akasema, "Ondoka."

Chura aliondoka. Alingoja kushitakiwa, alingoja kufukuzwa, alingoja kuanikwa mji mzima. Haikutokea. Ilipita miezi mingi. Siku moja, bwawa likiwa karibu tupu, msusi akaja amemshika binti yake mkono. Akasimama chini ya kiti kirefu. "Sijakusamehe," akasema. "Ila huyu anaogopa hata ndoo ya maji. Mfundishe."

Akamfundisha. Haikuwa kazi ya wiki wala ya mwezi. Mwanzoni waliketi tu ukingoni, miguu majini. Chura hakumharakisha.

Alistaafu, wasikilizaji, akaishi na mumewe, dereva wa lori, na wajukuu wakavuruga nyumba. Kifua kilipoanza kumbana, zahanati walimwambia si kitu. Kesho yake akarudi. Karani wa mapokezi akamtania, "Mama, umerudi tena?" Akajibu, "Nimerudi, na mkinirudisha nitarudi." Safari hiyo wakamsikiliza vizuri, wakaukuta moyo umechoka. Dawa zikamwongezea muda. Wiki iliyopita, moyo huo ukasimama.

Mazishini Papa alibeba jeneza, naye sasa ana kitambi. Ndugu walipomaliza kusema, msichana mmoja mkubwa akatoka kwenye umati, akasimama kando ya kaburi. Ni yule wa vazi la njano. Akasema, "Alinifundisha ku..." Neno likampotea.

Watu wakainamisha macho. Mtu mmoja akafungua kinywa amsaidie, msusi akamzuia kwa mkono. Upepo unapeperusha vitambaa vya akina mama. Kimya kikawa kirefu, kile kimya kinachofanya mtu atamani kukimbia. Binti hakukimbia. Alisimama palepale, mbele ya macho yetu yote, akilingoja neno lake mpaka likaja.

"Kuelea," akasema. Akarudi mahali pake.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mumewe, kwa bintiye na wajukuu, kwa dada yake na dada zake wengine, na kwa wote waliofanya naye kazi. Mungu awape subira.

Nanyi mlio majumbani, nawaomba jambo moja. Mtazameni aliyetulia. Yule anayesema hajambo kila siku kwa sauti ileile, yule aliyeacha kugombana, yule anayecheka pale tu wengine wanapocheka. Mwendeeni. Mkikuta ni mzima atawashangaa, nanyi mtaona haya kidogo, kisha mtakunywa chai pamoja. Na kama aliyetulia ni wewe, mwambie mtu leo, hata kama neno lenyewe bado unalitafuta.

Fundi mitambo, zima muziki. Tumkumbuke.