Wasifu wa Bi Umejuaje, Mwalimu wa Picha Zilizosahaulika

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake na wote aliowafundisha, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Marehemu aliacha maagizo machache kuhusu siku ya leo, na la kwanza lilihusu karatasi hii. Alisema lisisomwe jambo lolote ambalo mtu akisimama akauliza "umejuaje?", msomaji atabaki anaangalia viatu vyake. Kwa hiyo familia ilikaa, ikaulizana, ikabishana kidogo, na kila lililoandikwa hapa lina mtu wake wa kuulizwa. Wengi wao wamekaa humu humu.

Cheti chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1953. Familia haikiamini, na mwenyewe hakukiamini. Kiliandikwa siku alipoandikishwa shule, na karani, ambaye alikuwa na haraka zake, aliwapa watoto wa benchi zima tarehe hiyo hiyo moja. Mama yake alisema mwanawe huyu wa tatu alizaliwa kwenye mvua kubwa za Aprili, wiki ileile maji yalipolibeba daraja la miti, na kwamba daraja jipya la zege lilikamilika kabla mtoto hajaota jino. Daraja hilo lipo hadi leo. Fundi aliandika mwaka kwa kidole kabla zege halijakauka: 1952. Marehemu aliwapeleka walimu wengi pale, akawasimamisha juani na kuwauliza waamini kipi, cheti chenye muhuri au kidole cha fundi. Walipogawanyika hakuwaamulia. "Mwaka ni wangu," aliwaambia, "lakini sababu ni zenu, na mimi nimekuja kuchukua sababu." Yeye alilichagua daraja. Familia nayo imelichagua: alizaliwa Aprili 1952.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960. Alikuwa darasa la nne pale mwalimu wao aliposimulia kuwa shule ile ilijengwa yote kwa msimu mmoja wa kiangazi. Binti alinyoosha mkono akauliza, "Umejuaje, Mwalimu?" Alitolewa nje. Huko nje, kwa kukosa la kufanya, akautazama ukuta, akaona matofali ya chini ni mekundu na ya juu ni ya kijivu. Akachungulia dirishani. "Mwalimu, ukuta unasema walijenga mara mbili." Akaambiwa abaki huko huko na ukuta wake. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa darasa moja mbele, ndiye aliyelibeba jina la Umejuaje hadi nyumbani, na halikumtoka tena. Wengine hapa mmemfahamu miaka mingi kama Bi Umejuaje na mmeliona jina lake halisi leo asubuhi kwa mara ya kwanza, kwenye msalaba.

Alimaliza sekondari mwaka 1971, akaingia chuo cha ualimu, akatoka Desemba 1973 akiwa na cheti cha kufundisha historia na maarifa ya jamii.

Ajira ilidai picha ndogo, na picha ndogo ndiyo iliyompeleka studio Februari 1974. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta, na mpiga picha alikuwa kijana aliyeirithi kwa mjomba wake. Mlikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti cha mto mwekundu, koti jeusi la kuazimisha wanaume, gauni jeupe la kuazimisha wanawake, na meza yenye simu nyeusi isiyo na waya. Picha ndogo ilipokwisha, kijana alimshawishi apige na nyingine kubwa, akiwa ameshika simu.

"Simu hii inapiga wapi?" binti akauliza.

"Inapiga kwa mama mkwe."

"Basi nipigie. Nataka kumwambia mwanawe anamaliza filamu bure."

Alipocheka, kijana akabonyeza. Picha ndogo aliichukua. Ile kubwa alisema angeifuata Ijumaa. Ijumaa alifika, akaikuta tayari, akasema haraka ya nini, atapita wiki ijayo. Akapita wiki ijayo, na ijayo. Watu wa posta walianza kucheka kabla wahusika wenyewe hawajaelewa wanachekwa nini. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, na ile picha kubwa haikuchukuliwa.

Alifundisha darasani miaka kumi na minne. Mwaka 1988 alihamishiwa kituo cha walimu kuwa mkufunzi wa mafunzo kazini, na kazi aliyojulikana nayo ndipo ilipoanzia. Kituo kilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya madawati: meza moja ndefu, ubao wenye ufa, dirisha moja lisilofunga. Walimu wa shule za jirani walifika Jumamosi wakiwa wamechoka, wakitarajia kunakili maelezo, kunywa chai na kurudi kufua. Yeye hakuwapa maelezo. Aliwapa sanduku la viatu.

Sanduku lilikuwa limejaa picha kutoka studio, zile ambazo wateja walipiga na hawakurudi kuzichukua. Mumewe hakuwahi kuitupa hata moja. Alikuwa akisema yeye humkumbuka mteja kwa mkao, jina hapana. Marehemu alizimwaga mezani na kuweka sharti lake moja: asiseme mtu hii ni picha ya nani wala ya nini, kabla hajasema anaona nini. Ubaoni alichora sehemu tatu: naona, nadhani, nauliza. Mwalimu aliyeruka kutoka macho hadi hukumu alirudishwa nyuma kwa swali lile lile la darasa la nne. Alitaka walimu waonje wenyewe kazi ya kudadisi, ili wakirudi madarasani wawaonjeshe watoto, badala ya kuwalisha historia iliyokwisha kutafunwa. Kitabu alikiheshimu. Alisema tu kwamba kitabu nacho kiliandikwa na mtu aliyeangalia kitu, na mtoto ana haki ya kukiona kitu chenyewe: picha, jiwe la msingi, stakabadhi, sauti ya bibi yake.

Jumamosi ya kwanza walimu waliangalia, wakajadili, wakafikia uamuzi kwa kauli moja. Mji huu zamani ulikuwa na watu wenye uwezo. Kila mwanamume alikuwa na koti, na simu nyumbani.

"Makoti mangapi hayo?" aliwauliza.

"Mengi, Mwalimu. Kila picha."

"Nauliza makoti, siulizi picha. Hebu kitazameni kifungo cha pili kutoka juu."

Kifungo cha pili kilikuwa kimepasuka, kwenye kila picha. Mwalimu mmoja wa kiume akajishika kichwa. "Jamani, mji mzima ulikuwa na koti moja."

Kicheko kile kilisikika hadi barabarani. Mkaguzi wa shule, aliyekuwa akipita, aliingia kuona kuna nini, akasimama nyuma, akasikiliza walimu wazima wakibishana juu ya kifungo. Mwishoni akauliza, "Mwalimu, watoto watatungiwa mtihani wa koti?" Akajibiwa, "Hapana, Bwana Mkaguzi. Watatungiwa ule ule. Ila safari hii watausoma kabla ya kuujibu." Mkaguzi hakucheka, lakini mwezi uliofuata alirudi, na alikuja na kiti chake. Mwanawe yuko hapa leo na ndiye aliyetuambia habari ya kiti.

Mambo yangeenda hivyo hivyo, kama si Jumamosi ya tarehe 11 Juni 1994. Siku hiyo ilizunguka picha ya msichana aliyevaa gauni jeupe, ameshika ua la karatasi, uso wake haucheki. Walimu waliifanyia kazi vizuri. Walitenganisha wanachoona na wanachodhani. Mmoja akasema ni bibi harusi. Mwingine akasema ni bibi harusi anayeozwa bila ridhaa, angalia macho. Wa tatu akaongeza bwana mzee, wa nne akaongeza mahari, na chumba kikaanza kucheka kidogo. Marehemu naye, kwa maneno yake mwenyewe, alicheka.

Mwalimu wa darasa la pili, mwanamke mpole aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akanyoosha mkono.

"Huyo ni dada yangu," alisema. "Gauni ni la studio. Alikwenda kupiga picha ya kumpelekea mama siku ya kuzaliwa kwake. Wiki hiyo hiyo akaugua, akafa. Hatukujua kama picha ilitoka." Akaiangalia tena. "Hatuna picha yake nyingine. Mama anasema sura imeanza kumpotea."

Marehemu aliichukua ile picha, akaifuta kwa upindo wa kanga yake, akampa. Kisha akafunga mafunzo ya siku ile, na jioni akamwambia mumewe kwamba kwa miaka sita alikuwa amefundishia vitu vya watu.

"Ni vya kwangu," mumewe alisema. "Filamu yangu, karatasi yangu."

"Na sura?"

Mzee mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na ametuomba tuliandike swali hilo.

Tangu siku hiyo kazi ilibadilika. Marehemu aliapa kwamba kila sura iliyomo sandukuni itarudi kwa mwenyewe, au kwa mtoto wake, au kwa jirani aliyemfahamu, kabla yeye hajafumba macho. Mafunzo yaliendelea, lakini swali la mwisho ubaoni likawa: tutamuuliza nani? Mwalimu aliondoka na picha moja, akaipeleka darasani, na watoto wake wakatoka nayo kwenda kuulizia sokoni, zahanati, kwa fundi viatu, kwa bibi zao. Walimu walioshindwa miaka nenda rudi kuwafanya watoto waandike sentensi mbili, walianza kulalamika kwamba daftari zimejaa.

Si wote waliofurahi kupata picha zao. Bwana mmoja alifuatwa na darasa zima la sita hadi dukani kwake, akaonyeshwa picha yake ya ujana akiwa na binti asiyekuwa mkewe. Mkewe alikuwa nyuma ya kaunta.

"Huyo si mimi," alisema. "Mimi sijawahi kuwa na koti."

Marehemu, aliyekuwa amewasindikiza, akaitikia kwa upole, "Ni kweli, baba. Hakuna aliyewahi." Akairudisha picha mfukoni. Bwana huyo alikuja kituoni peke yake wiki iliyofuata, akaichukua.

Alistaafu mwaka 2012, lakini Jumamosi hazikustaafu. Zilihamia sebuleni kwake. Sukari ilikuwa imeshamwanza tangu 2009, ikamshika figo, kisha macho. Kufikia 2019 alikuwa haoni picha hata ikiwekwa puani. Hapo ndipo mjukuu wake wa kike alipochukua kazi. Kila mchana baada ya shule alikaa kwenye mkeka, akatoa picha moja sandukuni, na bibi akamwambia, "Usiniambie ni nani. Niambie unaona nini." Mjukuu akieleza, bibi alitafakari, kisha akasema mpeleke kwa fulani, amtazame vizuri sikio. Picha nyingi zilizorudi makwao miaka hii ya mwisho zilirudi kwa macho ya mtoto na kumbukumbu ya mwanamke asiyeona.

Mchana mmoja wa Machi mwaka jana, mtoto alisema, "Naona dada, bibi. Ameshika simu haina waya. Lakini hapigi, anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana."

"Nyuma kuna nini?"

"Maporomoko. Na kivuli cha mtu mwenye kamera, kwenye ukuta."

Bibi aliipapasa ile picha kwa kidole. Kisha akasema, "Hiyo ina mwenyewe. Mpelekee babu yako, mwambie mteja anauliza kama Ijumaa itakuwa tayari."

Hali yake ilizidi Julai. Alilazwa tarehe 2 Agosti 2023, akafariki tarehe 9, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake na kitinda mimba wake akimsomea gazeti. Neno lake la mwisho lililosikika wazi lilikuwa swali kwa kitinda mimba, kuhusu habari ya ukurasa wa pili. Mnalijua swali hilo.

Ameacha mume, Mzee Studio; watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike; wakwe, wajukuu saba na kitukuu mmoja; kaka yake mkubwa aliyelileta lile jina nyumbani; mawifi, mashemeji, na walimu ambao hakuna aliyewahesabu. Yupo pia mwalimu wa darasa la pili, sasa ni mstaafu, ambaye mama yake alizikwa na ile picha ya gauni jeupe, kama alivyoomba.

Picha iliyo mbele ya kijitabu hiki ndiyo ile ya Februari 1974. Mzee ameitoa kwa niaba ya mteja.

Ahadi ya marehemu haikutimia yote. Zimebaki sura chache sandukuni. Tukitoka, mtaliona sanduku juu ya meza karibu na mlango, na Mzee ameketi nalo. Familia inawaomba msipite haraka. Toeni picha moja, itazameni vizuri, mseme kwanza mnaona nini. Huenda mmoja wenu akamkuta mtu wake.

Macho ya mwalimu wetu yamefanya kazi ya kutosha. Sasa yapumzike kwa amani.