Mzee Lukelo Kiswaga: Miaka Thelathini na Moja Garini, Siku Moja kwa Miguu

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Mzee Lukelo Kiswaga, dereva mwandamizi wa Kinu chetu cha Ushirika cha Mpunga hapa Ifakara, atakabidhi funguo za lori na kustaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kazi ya kuandika wasifu wake imepewa katibu wa Kamati ya Michezo na Chakula, ndugu Antoni Libenanga. Wajumbe walisema katibu ana mwandiko mzuri na maneno matamu. Ukweli ni kwamba alichaguliwa akiwa nje, amekwenda kuulizia chai, na aliporudi jambo lilikuwa limeshapitishwa.

Mzee Kiswaga ni Mhehe wa Iringa aliyeshuka bondeni mwaka 1967 akiwa kijana mwembamba. Vijana wa siku hizi hawaamini habari hiyo ya wembamba, lakini picha ipo ofisini na anayebisha akaiangalie. Alianza akiwa utingo, juu ya magunia, akila vumbi kiangazi na tope masika. Miaka minne baadaye alipewa usukani. Amebeba mpunga kutoka Mlimba wakati ambapo barabara ilikuwa jina tu. Amekwama kuliko dereva yeyote wa kinu hiki, kwa sababu alikwenda mahali ambapo wengine walikataa kwenda, na hajawahi kulipindua lori. Madereva wetu wote wa sasa wamepita mikononi mwake, akiwemo Fulgence, kijana anayerithi gari lake, ambaye hadi leo akikata kona husikika akijisemea maneno ya mwalimu.

Akipita Kiberege, alikojenga, hupiga honi moja ndefu ili mkewe, Mama Febronia, abandike maji ya ugali. Honi mbili maana yake ana mgeni. Katibu amekuwa mgeni huyo mara nyingi mno, hata Mama Febronia alifikia kuuliza, kwa upole, kama nyumbani kwa katibu hakuna jiko.

Lakini kinachomfanya Mzee Kiswaga ajulikane kuanzia Kivukoni hadi sokoni si lori. Ni mbio.

Mwaka 1992 alikuja daktari kutupima presha. Alipima nusu ya wafanyakazi, akavua miwani, akaanza kutupa pole. Sisi ni watu wa kinu. Wali kwetu si chakula tu, ni mazingira ya kazi. Katika kikao kilichofuata, kwenye mengineyo, Mzee Kiswaga alisimama akapendekeza tuwe na marathoni yetu kila Juni, mavuno yakiwa ukingoni na njia ya kando ya mto imekauka. Tulicheka sana. Mtoa hoja alikuwa na tumbo lililomsaidia kushika usukani. Alingoja tumalize kucheka, akakaa, na pendekezo likapita kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulipinga.

Marathoni ni jina la heshima. Urefu wake haujulikani mpaka leo. Katibu alitumwa kuupima kwa baiskeli, katikati ya safari akaingia mahali kunywa togwa, hesabu ikampotea. Wanaojua riadha wanasema haifiki hata nusu ya marathoni ya kweli. Tuliliacha jina hivyo hivyo kwa kuwa hakuna mgeni rasmi anayeamka alfajiri kwenda kufungua matembezi. Ila kuhusu njia yenyewe hatutanii. Inaanzia Kivukoni, inaufuata mto Kilombero kwenda juu, katikati ya matete na mashamba ya mpunga, inazunguka mkuyu mmoja mkubwa na kurudi. Ukungu wa asubuhi ukiinuka unaiona Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, mitumbwi inapita kimya, na korongo wamesimama majini kama makarani wanaongoja bosi aje kusaini. Wengi wetu tumeiona mandhari hiyo vizuri sana, maana tulikuwa tumesimama tumeshika viuno.

Kanuni ilikuwa moja, na aliitunga Mzee Kiswaga mwenyewe: hakuna sufuria ya karamu ya mbio itakayofunuliwa mpaka mkimbiaji wa mwisho avuke kamba ya kumalizia. Alisema mtu akifika amechoka, akakuta wenzake wanachokonoa meno, mwaka ujao hatakuja. Ni kanuni nzuri. Kasoro yake ni kwamba mkimbiaji wa mwisho, kila mwaka, alikuwa yeye.

Alikuwa na haja moja tu, na hakuificha: aizunguke njia yote na kuivuka ile kamba kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kustaafu. Kila ilipofika Januari alianza kulizungumza jambo hilo. Ilipofika Juni tulimzuia, sisi na bonde zima.

Mwaka wa kwanza alizuiwa na mtani. Njia inapita ukingoni mwa shamba la Mama Rosemery Ngonyani. Mzee Kiswaga, aliyeichora njia kwa mkono wake, alifikiria matope, akafikiria mamba, akasahau kwamba yeye ni Mhehe na mwenye shamba ni Mngoni. Mama Ngonyani alikuwa akivuna. Alipomwona mtani wake anakuja amevaa kaptula mbele za watu, alimnyang'anya kiatu kimoja akadai fidia. Kwenye utani hakuna polisi wala rufaa. Katibu alipotumwa na baiskeli kumtafuta, alimkuta anapiga mpunga wa Mama Ngonyani, kiatu kimoja mguuni, akiwa na furaha kuliko alivyotakiwa kuwa. Alirudi Kivukoni kwenye keria, na fungu la mpunga mapajani.

Mwaka uliofuata kiboko alitoka mtoni akasimama katikati ya njia. Fulgence, aliyekuwa akiongoza, aligeuka, na wote waliomfuata wakageuka. Mzee Kiswaga alikuwa nyuma kabisa, kwa hiyo ghafla akawa mbele kabisa. Njia ile ni nyembamba na Mzee si mwembamba, hivyo hakuna aliyeweza kumpita. Aliliongoza kundi zima hadi Kivukoni, akavuka kamba wa kwanza, tukamnyanyua juu kwa shida na kumkabidhi jogoo wa mshindi. Ni yeye aliyedai matokeo yafutwe. Alisema hakuufikia mkuyu, na kiboko si mkuyu. Katibu alimpinga kwa nguvu zote kwa kuwa wali ulikuwa tayari.

Miaka iliyofuata hakukuwa na kiboko wala mtani mkali kutushinda sisi wenyewe. Kila Juni, jua likifika utosini na harufu ya nyama ikianza kutembea, wajumbe walimtazama katibu, katibu akapanda baiskeli. Alimkuta Mzee Kiswaga mahali fulani kwenye matete, anachechemea, anaimba kwa Kihehe. Alimwambia watu wana njaa. Mzee aliitazama njia iliyobaki, akamtazama katibu, akapanda keria. Hata mara moja hakukataa. Aliamini kabisa kwamba tuna njaa, na kweli tulikuwa nayo.

Masika ya mwaka huu hayahitaji kuelezwa. Mto ulimega vipande vya njia, matete yakafunika vilivyobaki. Kamati ilikaa ikaazimia mbio zihamie uwanja wa mpira, tuuzunguke mpaka tuchoke, karibu na jiko. Mtoa hoja alikuwa katibu. Mzee Kiswaga hakubisha. Alichukua panga na jembe, akawa kila akitoka kazini anakwenda mtoni kuifungua njia peke yake. Baada ya siku chache Fulgence alimfuata, kisha watu wa mashine, mwisho sisi wa ofisini, kwa aibu. Katibu alisimamia kazi na kutoa ushauri mpaka mtu mmoja alipompa jembe.

Mbio zilifanyika Jumamosi, tarehe 6 Juni. Kila mtu alijua kwamba kwa Mzee Kiswaga hakuna nyingine akiwa mtumishi. Hata hivyo, jua lilipofika utosini wakimbiaji wote walikuwa wamerudi isipokuwa yeye, mgeni rasmi ameangalia saa mara mbili, watoto wameanza kulia, na wajumbe wakamtazama katibu. Katibu alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani kwa heshima ya mgeni. Akachukua baiskeli.

Alimkuta Mzee Kiswaga kwenye shamba la Mama Ngonyani. Safari hii alikuwa ameshauzunguka mkuyu, alikuwa akirudi. Goti lake moja lilikuwa limefungwa kitambaa, ameinama ameshika mapaja, anahema. Mama Ngonyani alikuwa amemvua kofia na kuivaa mwenyewe. Katibu aliwaamkia wote wawili, kisha akasema alichozoea kusema: watu wana njaa, wali unapoa. Mzee Kiswaga aliitazama ile keria.

"Mwaka huu nitakula wali wa baridi, mwanangu," alisema.

Katibu alianza kueleza habari za mgeni rasmi. Hakufika mbali, kwa sababu Mama Ngonyani alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Huyu mtumwa wangu," alisema. "Na baiskeli inayokuja kumchukua mtumwa wangu, inabaki hapa."

Akamgeukia mtani wake akamwambia aende zake, fidia imeshapatikana. Katibu alijitetea kwamba yeye ni Mpogoro na ugomvi huu haumhusu. Mama Ngonyani alimuuliza nani amemwambia haumhusu. Katibu alipogeuka, Mzee Kiswaga alikuwa ameshaondoka.

Katibu aliona si neno: mtu mwenye goti bovu hawezi kwenda mbali, atamfikia pale mbele. Hakumfikia. Viatu vya kanisani vilianza kumuuma kabla shamba halijaisha. Mgongo wa Mzee Kiswaga ulizidi kuwa mdogo, ukaingia kwenye matete, ukapotea. Mvuvi mmoja aliyekuwa mtumbwini alimuuliza katibu kama naye yumo kwenye mashindano. Katibu alisema hapana. Mvuvi akampa moyo hata hivyo.

Alikuwa bado yuko kwenye matete aliposikia vigelegele Kivukoni na Fulgence akipiga honi ya lori bila kuiachia. Kwa hiyo mwandishi wa wasifu huu hakuliona tukio kubwa kuliko yote anayoyaandika. Anamtegemea Sada wa mizani, ambaye si mtu wa chumvi. Sada anasema Mzee Kiswaga aliivuka kamba akitembea, kwa hatua fupi, kichwa wazi, na hakuinua mikono. Aliuliza kama ni kweli ameshavuka. Walipomwambia ndiyo, alikaa chini akalia. Mama Febronia alimfuta uso kwa ncha ya kanga, na wafanyakazi wengine wakawa ghafla wana shughuli ya kutafuta vijiko.

Mgeni rasmi aliinuka kuelekea kwenye sufuria. Sada anasema hapo ndipo Mzee Kiswaga alipouliza Antoni yuko wapi. Akajibiwa kwamba Antoni si mkimbiaji, alikwenda na baiskeli. Mzee akaeleza kwamba baiskeli imetekwa.

"Basi huyo yuko njiani kwa miguu," alisema. "Yeye ndiye wa mwisho. Tunamngoja."

Katibu alipotokea, viatu mkononi, soksi zimetoboka, aliikuta kamba bado imekazwa, sufuria zimefunikwa, mgeni rasmi amerudishwa kwenye kiti, na wafanyakazi wote wa kinu wamesimama wakimtazama. Aliijua vizuri ile njaa iliyokuwa machoni mwao. Mwisho wa kamba alisimama Mzee Kiswaga, goti limevimba, amekataa kukaa. Hakumcheka. Alimpa pole ya safari, akampokea viatu, akamshika mkono mpaka upande wa pili. Kisha ndipo akasema chakula kipakuliwe. Wali ulikuwa wa baridi kabisa na mafuta ya nyama yameganda, na hakuna aliyelalamika, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya kamati hii.

Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, tunamshukuru Mama Febronia kwa kutuazima mume miaka yote hii, na kwa ugali. Tunamshukuru Mama Ngonyani pia, na kumkumbusha kwa heshima kwamba baiskeli ni mali ya ushirika. Mazungumzo yanaendelea vizuri, isipokuwa kila anayetumwa kuifuata anarudi amechoka na ana makapi ya mpunga kichwani.

Nawe Mzee wetu, asante kwa mizigo uliyoifikisha, kwa madereva uliotuachia, na kwa njia uliyoifungua. Huko Kiberege tunakuombea afya, goti lipone, shamba likubali, na wajukuu wakuchoshe kwa kiasi. Sisi hapa tunakupenda. Hili tungekwambia miaka mingi iliyopita, ila kila tulipopata nafasi ya kusema, tulikuwa na njaa.