Kipande Ndani ya Leso

Fundi cherehani alijifanya anatafuta kitu mkobani, kumbe ametega masikio. Mbele yake ndani ya treni walikaa mama mmoja na mzee mchonga vito, waliojuana tangu stesheni iliyopita tu.

"Jiwe la kweli halivunjiki, baba," mama alisema. "Mume wangu alinivisha pete ya kito, watu wakaninong'oneza kwamba ni kioo. Nikaigonga kwa nyundo mbele yake, kito kikapasuka. Nikamwita mwongo, na akaingia kaburini na jina hilo."

"Nani alikudanganya, mwanangu? Jiwe gumu halikwaruziki, lakini kuvunjika linavunjika. Hata almasi inayokata kioo, ipige nyundo uone. Kioo kikivunjika huacha mbonyeo, kama ndani ya kijiko. Vito vingine hupasuka bapa, kama vimekatwa kwa kisu."

"Kile kilikuwa kioo," mama alishikilia.

"Ungekuwa na kipande, ningekuambia."

Mama akafungua fundo la leso. Hapo fundi cherehani akasahau hata kujifanya. Nani hutunza kigae cha kioo miaka yote hiyo?

Mzee akakiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza taratibu. Pale kilipopasukia palimeta, bapa kama uso wa meza. Akashusha mkono, akavuta pumzi ili aseme.

"Usiniambie, baba," mama alisema, akikifunika kiganja cha mzee kwa mikono yake yote miwili. Treni ilikuwa imeshasimama, na kituo kilikuwa chake.