Mashine ya Unga Iliyoingia Majini

Jamani, salamu zenu nyote, wa salaam aleikum na wa Bwana asifiwe. Mwenyekiti ameniambia nisimame, nami nimesimama. Nikilia mnivumilie, nikicheka mcheke nami.

Mnajua mume wangu ana boti. Alivusha saruji, viti vya arusi, hata jeneza siku za msiba. Basi asubuhi moja mashine ilichemka, ikapiga kelele mbaya, ikafa. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa. "Mama, bloku imepasuka. Hii ni ya chuma chakavu."

Mashine mpya hatukuiweza, hata ya mtumba ilitushinda. Lakini ndugu zangu, nawaambia, mashine haikuniumiza kama mume wangu. Alinyamaza. Akiitwa chakula, anasema ameshiba. Akatokea mtu anataka kununua boti, aikate mbao. Nikamwona mume wangu anaipapasa ubavuni kama mtu anayeaga mgonjwa. Niliogopa, wallahi. Niliona boti ikiondoka, yeye naye hatarudi.

Na mimi hapa chamani nilikuwa nakuja, nacheka, naondoka. Mdomo nimeufunga! Aibu tu. Mpaka siku moja nikasaidia kuosha vyombo baada ya mkutano, na mwenzenu mmoja akaniuliza, "Dada, mbona sufuria hiyo moja waisugua tangu saa ile?" Machozi yakanitoka palepale. Nikamweleza yote.

Simtaji jina, amenikataza. Lakini anavyoinamisha kichwa hivyo, mmeshamjua.

Akasema, "Ile mashine yangu ya dizeli ya kusagia, tangu nivute umeme imekaa bure, kuku wanaitagia. Ichukueni. Mtanilipa kwa kunivushia mahindi."

Nilirudi nyumbani mbio. Mume wangu akanitazama. "Mama watoto, mashine ya unga baharini? Watu watanicheka."

Nikamwambia, "Baba watoto, nakuomba. Wakucheke ukiwa majini."

Akauliza, "Yapoa kwa maji?" Hapo nikajua amekubali.

Mlikuja nyote. Tuliibeba kwa miti na kamba, tukiimba nyimbo za mweria kama tunaolima shamba la jirani, uji ukichemka pembeni. Fundi akaitengenezea kitako, akaifunga kwenye mhimili wa pangaboi, lile linalosukuma boti. Siku ya kuijaribu mkajaa ufukweni. Mume wangu akazungusha hendeli, mashine ikanguruma, vigelegele vikapigwa.

Boti ikarudi nyuma!

Msicheke, nyie mlikuwepo! Mashine ya unga yazunguka kinyume cha ile ya zamani, na kwa furaha zetu hakuna aliyefikiria, hata fundi mwenyewe. Boti yaja kinyumenyume, yatufuata sisi mchangani, nanyi mnakimbia na vikombe vya uji. Mimi moyo ukanikatika. Nikasema, basi, sasa ndiyo mwisho wake.

Kisha nikamsikia. Mume wangu alikuwa anacheka. Ameshika tumbo, machozi yanamtoka, "Hii yataka kurudi kinuni!" Sijui nilikuwa sijamsikia akicheka tangu lini. Nilikaa chini mchangani, nikalia kwa shukrani, na boti bado haijaenda popote.

Fundi alitafuta pangaboi kuukuu lililopindwa upande wa pili, linalosukuma mbele likizunguka kinyume, akalifunga, na boti ikashika njia. Sasa mume wangu anakula, na anasema chumvi imezidi. Alhamdulillah, na aseme.

Nawashukuru mliobeba, mliopika, na wewe unayeinamisha kichwa. Nilichojifunza ni kidogo. Ukiwa na shida, itoe hapa, usiisugue kwenye sufuria. Na wewe mwenzangu, ukifika nyumbani leo, angalia kuku wako wamelalia nini.