Sista Vidosava na Swali la Kukaa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na saba katika kliniki yetu ya maradhi ya kumbukumbu hapa Kruševac, muuguzi wetu Sista Vidosava Ćurčić anastaafu. Nimeombwa niandike mazuri yake. Nitajaribu, ingawa kwa miaka ishirini na miwili mimi ndiye daktari niliyemvumilia, na sioni mahali kwenye ratiba ya leo ambapo uvumilivu huo unapewa zawadi.

Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa nyepesi: amuulize mgonjwa tarehe, amchoreshe saa, amtake atoe saba kwenye mia, ajumlishe alama zake kati ya thelathini, amlete kwangu. Dakika kumi. Yeye alitumia saa nzima! Aliwachemshia kahawa wake za wagonjwa kwenye korido, foleni ikafika ngazini, nami nimekodoa macho mlangoni. Na alichowauliza hakikuwamo kwenye fomu yoyote: "Siku ya slava, mzee alisimama au alikaa?"

Slava ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Wageni hawaalikwi, wanakuja tu, na mwenye nyumba hakai mpaka wa mwisho aondoke. Majibu Sista aliyaandika pembezoni kwa kalamu nyekundu: "Alikaa." "Anafoka kwa jambo dogo." "Msibani halii, analia kwa tangazo la sabuni." Kompyuta aliikataa miaka minne kwa sababu haina pembezoni.

Nilimwambia mara mia, "Sista, hii ni hospitali, si kanisa."

"Kwani nani kamkalisha, Daktari? Si hichohicho kichwa unachokipima?"

Basi mwaka juzi, Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, slava ya ukoo wetu, baba yangu mzee Obren alikaa. Baba mdogo alisimama mlangoni na chupa yake ya mvinyo, na baba akamtazama kama anavyotazamwa msoma mita. Baba mdogo akaondoka amevimba. Nikamwinamia baba sikioni, "Baba, unatuaibisha mbele za watu!" Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Sijisikii kuinuka." Nikauita uvivu, nikauita jeuri. Miezi mitatu sikukanyaga kwake, na miezi yote hiyo nilikuwa nikienda kazini kutibu mishipa midogo ya ubongo wa baba za watu.

Machi nikaropoka kisa cha baba mbele ya kahawa ya Sista.

"Alikaa?"

"Alikaa, ndiyo. Jeuri tu, Sista. Jeuri haina dawa."

"Mlete Jumatatu. Na mama aje."

Baba alipata alama ishirini na nane kati ya thelathini. Nilimpungia Sista ile karatasi kwa ushindi ambao leo unanitia aibu. Hakuitazama. Alikuwa amekwisha kumsikiliza mama: miti ya plamu haijapogolewa mwaka wa pili, mzee hujibu kwa kuchelewa, leo anafoka, kesho analia bila sababu. Picha ya ubongo ikatoka na madoa meupe tele. Mishipa midogo ilikuwa imeharibika kimyakimya kwa presha ambayo hakuna aliyeipima, na mimi daktari nikiwa wa kwanza kutoipima. Kumbukumbu ilikuwa karibu nzima. Kilichopungua ni wepesi wa kufikiri, na ile hamu ya kuinuka. Nilikuwa nimemnunia mgonjwa.

Dawa za presha hazikurudisha kilichokwenda. Zinajaribu kulinda kilichobaki. Baba mdogo alirudi na chupa ileile. Nami nilimwomba baba radhi. Baba alichelewa kujibu, nikasubiri.

Mwaka huu swali la Sista limechapwa rasmi kwenye fomu yetu, namba tisa. Nilidhani angefurahi. Alizirudisha fomu zote mia tano kwa sababu nafasi ya kuandikia ilikuwa finyu. Tukachapa upya.

Sista Vidosava, kliniki nzima inakushukuru, hata ile foleni ya ngazini. Miguu yako ipumzike, kahawa yako isikauke, na siku zako ziwe ndefu kuliko mazungumzo yako ya korido. Desemba hujaalikwa nyumbani kwetu, kwa hiyo njoo. Baba utamkuta amekaa. Mimi nitakuwa nimesimama.