Umm Fuad Anastaafu, Kahawa Isubiri

Leo, tarehe 31 Agosti, Bi. Wadad Hilal, ambaye sote tunamwita Umm Fuad, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika nyumba ya wageni ya parokia yetu hapa Beit Sahour. Kazi yake ilikuwa nyepesi sana: kupika, kutandika vitanda, na kila baada ya chakula cha jioni kuketi mbele ya waumini wa ng'ambo na kufukuzwa upya, kwa kusimulia, kutoka kijiji ambacho mama yake alikikimbia wakati wa vita vya mwaka 1948, yeye akiwa hajazaliwa.

Wageni wetu ni watu wa Mungu na wana hamu ya kujifunza. Somo la uhaba wa maji, kwa mfano, hulisomea bafuni, bomba likiwa wazi. Umm Fuad, anayejua tangi la juu ya paa limebaki na nini, hugonga mlango kwa adabu: "Mwanangu, mtihani umefaulu. Sasa toka."

Somo la ufunguo lilikuwa gumu zaidi. Kila kundi huomba kuuona ufunguo wa nyumba iliyopotea, maana wameambiwa kila mkimbizi anao. Yeye hana. Mama yake aliacha mlango wazi kwa sababu jirani angepita kuchukua unga, na wao walikuwa wanaondoka kwa siku chache tu. Mchungaji mmoja alisikitika kuliko alivyoisikitikia nyumba yenyewe, hata Umm Fuad akamwonea huruma na kumpa ufunguo wa stoo ya vitunguu aushike, apigwe picha nao. Tunasikia picha ile imetundikwa kanisani kwake na watu husali mbele yake.

Mafanikio yake makubwa, hata hivyo, yangekuwa kahawa, laiti wageni wangeielewa. Kwetu kahawa ikiingia, mgeni anajua ziara imekwisha: anakunywa, anashukuru, anatafuta koti lake. Wageni wa ng'ambo hudhani kahawa ni kinywaji. Huomba kikombe cha pili, kisha humuuliza kama amewahi kujaribu kusamehe.

"Nitaanza na kulala," huwajibu, huku akikusanya vikombe.

Sasa mwanawe Fuad, aliyeko Chile, amemtumia tiketi. Anataka mama akapumzike huko miezi michache tu. Mazungumzo yao ya Jumapili tuliyasikia sote jikoni, kwa kuwa Umm Fuad anaamini Chile ni mbali na simu inahitaji kusaidiwa kwa sauti.

"Miezi michache, habibi? Bibi yako naye aliambiwa siku chache."

Kisha akauliza huko baridi ikoje. Alipokata simu alituambia atampa Fuad jibu sherehe hii ikimalizika.

Umm Fuad, asante kwa vitanda, kwa wali wa maqluba ambao haukuwahi kuungua, na kwa kutufundisha kuwacheka watu bila kuwanyima chakula. Dele lako la kahawa umeniachia mimi, niliyemaliza shule juzi na nisiyeweza kuyasema haya nikiwa nimesimama mbele ya watu, ndiyo maana nimeyaandika. Tunakutakia maisha mema, na tungependa uyaishi hapa.

Waalikwa wote mnaombwa radhi. Chai ipo, soda zipo, na knafe tamu ya jibini inamtosha kila mtu. Kahawa leo haitaletwa.